Ndege Wawili wa Taulo

...basi, leo unga umemwagika, mtandika vitanda anajiambia, mgongo ukutani, mkono kwenye mkokoteni wa mashuka, maana amri ilikuwa wazi, chumba kikishapuliziwa dawa kinabandikwa karatasi mlangoni, hakuna kugusa kitu, hakuna mapambo, na yeye kwa mazoea tu, mikono ikijiendea yenyewe, amekunja taulo ndege wawili, akawaweka kitandani midomo imegusana, vilevile kama zamani, na sasa mgeni amebandua karatasi, amefungua, ameganda mlangoni... "Dada, si nilisema?" msimamizi anafoka kwa kunong'ona, barakoa imemshuka kidevuni, ulisema, kaka, ulisema mpaka nikaota, na tangu ugonjwa ule upungue hoteli ikafunguliwa, wageni nao wamekuwa hivyohivyo, madirisha wazi, chakula kiachwe mlangoni, mto unanuswa kabla ya kulaliwa, watu waliokuwa wakija makundi kwa makundi, wakikukumbatia na jasho lako, leo wanakupungia mkono kutoka mbali, na nani wa kuwalaumu, yeye mwenyewe amechoka, amechoka mpaka kope, mwaka mzima nyumbani bila kazi, mama mkwe akimwuliza kila asubuhi, "Hawajakuita bado, mwanangu?" akifukuzwa leo atamwambia nini yule bibi... mgeni mwenyewe ni mama huyu aliyekuwa akija kila mwaka na mumewe, chumba hikihiki, mzee mcheshi, akiwanyooshea ndege kidole, "Wa kushoto ni mimi, wa kulia mke wangu, ndiye anayekoroma," na mzee mwenyewe yuko wapi, atakuwa chini na mizigo, lakini mizigo ni begi moja, hili hapa, dogo, na mgeni hatazami kitanda kwa kuogopa vijidudu, anamtazama ndege wa kushoto, Mungu wangu, kumbe nimemfanyia nini mama wa watu, afadhali ungekuwa uchafu, afadhali nifukuzwe... "Samahani sana, mama, anawatoa sasa hivi," msimamizi anasema, na mtandika vitanda ananyoosha mkono, kazi hata haikumbuki, anamwaza mzee, nani alimtandikia shuka la mwisho, je, alipata mtu wa kumshika mkono... "Waache," mgeni anasema nyuma ya barakoa, "waache wote wawili," na hakuna anayesogea, wote watatu wako palepale mlangoni, ila mtandika vitanda hajui tena alikuwa anaogopa nini.