Abiria wa Pikipiki ya Nasra

Siku za gulio la Lukozi, Idrisa hufunga viroba vya karoti kwenye keria kwa mpira mweusi, huku akimwomba Bi Zuhura asogee mbele kidogo. Bi Zuhura husogea. Amekaa kwenye siti hiyo tangu wiki aliyozikwa, kanga kichwani, mikono mapajani, na wateja wamemzoea. Wanampa shikamoo kabla ya kupanda, anaitikia marahaba, kisha wanabanana. Trafiki wa Magamba aliwasimamisha mara moja tu, akauliza kwa nini wamepakizana watatu, mishikaki. Idrisa akamweleza kwamba huyu wa katikati ni marehemu. Trafiki akampa mama pole, akawaruhusu.

Pikipiki yenyewe ni ya Nasra, binti pekee wa Bi Zuhura, anayefanya kazi za ndani Maskati. Aliinunua alipokuja likizo ya kwanza, akamwachia Idrisa, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Hakudai hesabu ya kila siku.

"Itumie, ule," alimwambia. "Ila mama akikuita, acha kila kitu umpeleke hospitali. Presha haisubiri."

Idrisa aliapa. Na nia alikuwa nayo, tusimsingizie. Lakini asiyekuwepo na lake halipo.

Asubuhi ambayo mama alimwita, kichwa kinampasuka na macho hayaoni vizuri, Idrisa alikuwa na kabichi za mfanyabiashara mmoja, Kassimu, zinazosubiriwa na lori. "Namalizia mzigo huu mama, nakuja," akasema kwenye simu. Mama akatoka na kibegi chake, akaketi kando ya barabara. Mzigo ukazaa mzigo. Idrisa alipofika, majirani walikuwa wameshamfunika kanga.

Walimzika alasiri, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Siku chache baadaye Idrisa aliwasha pikipiki akakuta mama ameshapanda.

"Tunakwenda sasa?" mama akauliza.

Idrisa aliona aibu kumjibu. Angewaambia nini watu wa hospitali? Akamwambia bado kidogo, na amekuwa akimwambia hivyo kila asubuhi.

Nasra hakupewa taarifa. Ndugu walikaa kikao wakakubaliana kwamba mtu aliye ugenini haambiwi msiba kwa simu, ataanguka huko peke yake. Wangemwambia akirudi. Tena hapakuwa na haraka, maana kila alipopiga simu mama aliongea mwenyewe. "Sijambo mwanangu. Niko na Idrisa hapa, tunakwenda hospitali." Nasra alifurahi. Aliwasimulia wenzake Maskati kwamba Mungu amempa rafiki wa kweli. Hilo ndilo linalouma kuliko yote.

Aliporudi likizo, amebeba blanketi zito kwa ajili ya baridi ya Lukozi, aliliona kaburi kabla ya kuiona pikipiki. Akakaa chini, hapohapo kwenye udongo. Idrisa akaja na mama nyuma yake, akazima injini, akashindwa kushuka.

"Siku mama alipofariki ulikuwa wapi?" Nasra akauliza.

"Kwenye kabichi."

"Kabichi za nani?"

"Za Kassimu. Lori lilikuwa linaondoka, Nasra."

Nasra alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaomba ufunguo, akamfunika mama lile blanketi, akaendesha mwenyewe kuteremka hadi Lushoto, ingawa hakuwahi kuzidisha gia ya pili.

Hospitalini walipanga foleni kama watu wengine. Muuguzi akamfunga mama kipimo mkononi, akasikiliza, akasema kwa sasa hakuna cha kupima. Akamuuliza siku ile alikuwa anajisikiaje. Mama akaeleza yote. Muuguzi akamfungua kipimo.

"Ungewahi, mama yangu, tungekupa dawa. Wenye hali kama yako huwa tunawalaza, wakitulia wanarudi kwao."

"Kumbe kilikuwa kitu kidogo," mama akasema, akamshukuru. Mama ndiye aliyemshika Nasra mkono kumtoa nje.

Likizo ilipokaribia kwisha, Nasra alimsihi mama ashuke, akapumzike kule kwenye migomba. Mama akakataa, akasema mgongo wake umeshazoea siti. Basi Nasra akawazungukia madereva wa Lukozi akitafuta mwingine wa kumkabidhi pikipiki. Wote walimpa pole, na wote walimwambia ukweli kwamba wangemshusha mama, kwa sababu anachukua nafasi ya abiria. Idrisa peke yake ndiye aliyesema ataendelea naye.

Nasra akampa ufunguo bila kumtazama usoni. Mama, akiwa kwenye siti, akamuuliza safari hii atakaa huko muda gani.

"Miaka miwili, mama."

Mama akasema miwili si mingi.