Mzee Nukta Hayumo Kwenye Kurasa

Maji ya chai yalikuwa hayajachemka Mzee Nukta alipoingia ofisini akiwa amepigwa mstari. Ulikuwa mwembamba, wa kijivu, umelala kifuani kutoka bega moja hadi jingine, ukipita juu ya shati, tai na kamba ya kitambulisho. Aliketi, akafuta miwani, akawasha kompyuta.

"Mzee, umekatwa," alisema dada wa mapokezi, akimsogezea kikombe kitupu.

"Tangu jana jioni. Mama watoto kanisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikataka kutoka. Wapi! Nikabadilisha shati, nao ukahamia kwenye shati."

"Basi usivae jeupe. Kijivu kitakusitiri."

Kazi zikaanza.

Binti aliyekaa meza ya pili aliujua mstari ule, maana yeye ndiye aliyekuwa akiutunza. Kazi yake ilikuwa programu inayosoma msimbo wote wa kampuni, yale maagizo yanayoandikiwa kompyuta, kisha ikatoa kurasa za maelezo: kipande hiki kinafanya nini, kinatumiwaje, nani alikiandika. Kipande kikishawekewa alama kwamba kimepitwa na wakati, programu hukikata kwa mstari wa kijivu ili watu waache kukitegemea. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi hiyo alipotoka chuoni, mwoga hata wa kuuliza choo kiko wapi. Walimwita Nukta kwa sababu hakupitisha maelezo ya mtu yeyote yasiyoishia na nukta.

Binti aliitafuta hitilafu asubuhi nzima, akaipata. Programu ilikuwa ikipitiliza, ikitoka kwenye msimbo na kuingia kwenye faili za wafanyakazi, ikitii kila alama iliyoikuta humo. Akaiziba njia, akaijaribu programu, kurasa zikatoka safi. Aligeuka kumtazama mzee. Mstari ulikuwa palepale, ukipanda na kushuka kwa pumzi zake.

Akajikaza, akapanda kwa meneja, mama mmoja mpole aliyependa kuzungumza huku akipanga kalamu zake.

"Shikamoo. Programu ilimkata Mzee Nukta kwa makosa. Nimerekebisha, ila mstari haujatoka."

"Marahaba. Hauwezi kutoka, mdogo wangu. Alama niliiweka mimi kwenye faili lake. Tungemwambia mwisho wa mwezi, programu imetutangulia tu."

"Lakini kila kitu bado kinamtegemea. Leo tu watu wa malipo wameshamfuata."

"Ndiyo maana hatumfukuzi. Ataendelea kutusaidia, ila kwenye muundo mpya wa ofisi hayumo." Akainyoosha kalamu moja. "Na lile ombi la watumiaji umelifikisha wapi? Wanalalamika vitu vilivyokatwa vinawajazia kurasa, kusoma ni tabu. Wanataka vifichwe. Limalize wiki hii."

Binti alielewa. Toleo jipya likitoka, chochote chenye mstari kisingeonekana tena.

Ombi lile alilifanya kwa kuvuta miguu. Aliandika namna ya kuficha vyote vilivyokatwa, kisha katikati akapenyeza agizo moja dogo: akiwa ni Mzee Nukta, asifichwe. Lakini utaratibu wa pale ulikuwa kwamba hakuna badiliko linaloingia kabla mwenzako hajalisoma na kuliidhinisha, na msomaji wa kazi zake alikuwa Mzee Nukta.

Mzee alisoma kwa kidole kwenye kioo, polepole, kama kawaida yake. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Nimekubakiza, Mzee."

"Nimeona. Kesho keshokutwa atakuja mwingine kwenye kiti chako, akute mlango umeachwa wazi kwa ajili ya mtu asiyemjua. Atadhani ni hitilafu, ataufunga. Afadhali uufunge wewe unayenijua."

"Siwezi."

"Utaweza. Na maelezo yako ya hapo juu hayana nukta."

Binti alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani. Mzee akamsukumia tishu bila kumtazama, kwa kuwa alijua hapendi kutazamwa akilia.

Binti alilifuta lile agizo. Akaweka nukta. Mzee akaidhinisha, na toleo jipya likatoka alasiri ile. Vilivyokatwa vikatoweka kwenye kurasa, na Mzee Nukta akatoweka kwenye kiti chake.

Kiti kilibaki kimesogezwa mezani, na vitufe vya kompyuta viliendelea kubonyea na kuinuka. Watu wa malipo walikuja na matatizo yao, wakayaacha mezani, wakarudi kuyakuta yametatuliwa, wakamshukuru meneja. Watumiaji waliandika kwamba sasa kurasa zinasomeka raha mustarehe. Kila asubuhi binti alikiamkia kiti. Hakuitikiwa, kwa sababu sauti ya kilichofichwa nayo hufichwa.

Ijumaa mke wa mzee alifika mapokezi na mkoba wake.

"Namtafuta baba watoto."

"Yupo, mama, ila haonyeshwi tena."

"Najua. Nyumbani naona sahani tu ikipungua chakula. Nimekuja turudi wote."

Binti alimpa kiti chake, yeye akasimama. Mama akakaa akisikiliza vitufe.

"Wanamtuma sana?"

"Sana, mama."

"Wanamshukuru?"

"Wanamshukuru meneja, mama."

Muda wa kazi ulipokwisha vitufe vilinyamaza. Mama akainuka, akanyoosha mkono pembeni, akasubiri, kisha vidole vyake vikafumba juu ya kitu. Binti akawafungulia mlango, akaushikilia mpaka watu wawili wawe wamepita.

Walikuwa wamefika kwenye ngazi kijana wa malipo alipotoka mbio, kompyuta mkononi.

"Mzee ameshaondoka? Mfumo umegoma, na meneja anataka kila kitu kiwe sawa leo leo." Akaiweka kompyuta juu ya meza ya mzee, akaenda zake.

Kwenye ngazi vidole vya mama vilifumbuka taratibu, kimoja kimoja, bila yeye kuvifumbua. Nyuma yake, ndani, vitufe vikaanza kulia. Mama akarudi kwenye kiti cha binti, akaweka mkoba magotini.