Kamera na Uso wa Mama Yake

"Mimi uso nikishauona mara moja, basi, nimeumeza," Kamera alitangaza kantini, mdomo umejaa mkate. "Kimbilia unakotaka, nitakutapika kwenye karatasi na vinyweleo vyako vyote."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Asubuhi ileile bawabu mpya alikuwa amechungulia mlangoni mara moja tu, akiuliza ni nani kavunja kitasa cha bafu, na kabla chai haijapoa Kamera alikuwa keshamchora nyuma ya bahasha, pua imetuna kwa hasira, jicho moja bado linatafuta mwizi. Idara nzima ya sanaa ilikuwa imeshasahau jina alilopewa nyumbani.

"Siku ukisahau sura," alisema rafiki yake Masizi, msichana ambaye mkaa wa kuchorea haukumtoka mashavuni hata akitoka kuoga, "tutakubadilisha jina. Tutakuita Redio. Sauti tupu, picha hakuna."

"Utasubiri sana, dada."

Wala hakusubiri sana.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa uchoraji aliingia studio na habari. Kulikuwa na nafasi moja, mwaka mzima wa kusoma katika chuo cha nchi nyingine, chumba cha kuchorea cha peke yako, madirisha makubwa. Wale waliozoea kupigania mwanga wa dirisha moja lenye ufa walimeza mate.

"Nichoreeni mtu mnayempenda ambaye hayupo hapa," mwalimu alisema. "Kwa kumbukumbu. Picha za simu sitaki kuziona. Nataka kujua macho yenu yamebeba nini."

Akawauliza kila mmoja atamchora nani. Wengi walijikuna kichwa, wakaomba muda. Kamera mdomo wake haukuwa na breki.

"Mama yangu," alisema.

Wenzake wakaacha kujikuna. Wote walijua kwamba mama yake alifariki mwaka uliopita, katikati ya maonyesho ya darasa, na kwamba Kamera alifika nyumbani akakuta kaburi limeshafukiwa. Mwalimu, mwanamke mkavu ambaye hakuwahi kusifia kitu bila kukohoa kwanza, alimshika bega. "Tutafurahi kumwona," alisema.

Kesho yake Kamera alibana karatasi kubwa ubaoni, akakunja mikono ya shati kwa madaha ya fundi anayejua watu wanamtazama. Akaanza na paji la uso, kama walivyofundishwa. Paji likaja. Lilikuwa paji la mtu yeyote. Akachora macho, yakawa ya shangazi yake. Akayafuta. Akajaribu pua, na pua iliyotoka, kwa aibu kubwa, ilikuwa ya bawabu. Alicheka peke yake. Kisha akaifuta nayo.

Kilichokuja bila kuitwa ni mkono. Mama yake alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali, na kwenye kiganja chake cha kulia, chini ya kidole gumba, palikuwa na kovu la moto. Kiganja hicho ndicho alichojifichia. Mtu akiinua kamera tu, mama keshajifunika uso, anacheka nyuma ya vidole. "Toa mkono, basi," baba alikuwa akimbembeleza. "Picha zinaniibia uzuri," mama alijibu, na mkono hautoki. Katika kila picha ya familia yumo, gauni limepigwa pasi, kichwa kimeinama kidogo, na mahali pa uso pana kiganja.

Siku Kamera alipopata chuo, mama alimwambia, "Wewe ndiye nitakayekutolea mkono. Njoo unichore."

"Likizo, mama."

Likizo ikaja, akachora marafiki, akachora majirani, akachora hata mbuzi wa jirani, na mbuzi akatoka vizuri mno. "Ijayo, mama. Kwani wewe unakwenda wapi?"

Basi, pale studio, akachora kiganja kile. Kilitoka kama maji ya bomba. Mistari, kovu, mwanya kati ya kidole cha kati na cha pete ambamo kicheko kilikuwa kikipenya. Masizi alikuwa akipita na karanga mkononi. Akasimama, akaacha kutafuna.

"Peleka hii," alisema.

"Hii? Kiganja? Nimejigamba sura idara nzima, halafu nipeleke kiganja? Mniite Redio mpaka nimalize chuo?"

"Mimi nilikuwa natania, kaka."

"Wenzio hawatanii." Akachukua kitambaa, akafuta. Mkaa una tabia yake, hauondoki wote. Ulibaki ukungu wa kijivu katikati ya karatasi.

Akampigia simu baba yake, fundi saa aliyeacha kazi macho yalipomchoka. "Baba, namchora mama kwa ajili ya maonyesho ya chuo. Hakuna hata picha moja yake bila mkono?"

Baba alicheka. "Unaniuliza mimi? Ndoa nzima namwambia toa mkono, hakunisikia hata siku moja." Kisha akashusha sauti. "Nikwambie kitu, mwanangu? Siku hizi nikifumba macho, gauni lake naliona, mwendo wake nauona, nikifika usoni pana ukungu. Naona kama ananitoroka. Uliposema unamchora, nilifurahi kama mtoto. Nitakuja kwenye hayo maonyesho yenu, nimwone tena."

"Safari ndefu, baba. Na macho yako hayo…"

"Nitakuja hivyohivyo."

Kamera aliweka simu chini kwa hofu. Ndani ya hofu ile palikuwa na faraja ndogo, mbaya, ambayo hakutaka kuitazama: macho ya baba. Baba ambaye likizo iliyopita alisalimia koti lililoanikwa uani, na akakasirika kwa kutoitikiwa.

Nyuma ya bweni palikuwa na duka la dobi. Ndani yake alisimama mama wa makamo, mchana kutwa na pasi, na mvuke uliotoka mlangoni ulinukia nguo za mama yake. Kamera alipita mara nyingi bila kuingia. Mwishowe akaingia.

"Mama, naomba nikuchore."

"Mimi? Na jasho hili?" Dobi aliweka pasi pembeni, akajipangusa shingo yenye baka jeusi la kuzaliwa. "Wazuri wamekwisha huko chuoni?"

"Mazoezi tu, mama."

Dobi akainua uso wake kwenye mwanga, wote, hakuficha hata kipande. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo, alisema, hata mpiga picha wa pasipoti alimharakisha. Kamera alichora kwenye daftari lake dogo, akarudi tena na tena, kisha akauhamisha uso ule kwenye karatasi kubwa, juu ya ukungu wa kiganja.

"Ukimaliza nitaiona?" dobi aliuliza.

"Nitakuletea, mama." Alilisema neno hilo kwa sauti ileile ya likizo ijayo, na akajisikia mwenyewe akilisema.

Siku ya maonyesho, mwalimu alisimama mbele ya mchoro ule na hakukohoa. "Hiki kivuli hafifu shavuni," alisema, "kama mtu anayetaka kujificha. Umekipataje?"

"Kimekuja chenyewe, mwalimu," Kamera alijibu, na hilo peke yake lilikuwa kweli.

Mwalimu alimnong'oneza kwamba nafasi ni yake. Itatangazwa wageni wakishapata chai. Masizi alimpiga kofi la pongezi mgongoni, akaacha alama nyeusi kwenye shati. Kisha akatazama mchoro, akamtazama yeye. "Nilidhani wewe na mama yako mnafanana," alisema, akaenda zake.

Dobi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba vitambaa vya meza, safi, vimekunjwa. Kamera hakuwa amefikiria vitambaa vya meza. Nani hufikiria vitambaa vya meza? Mama yule alijiona ukutani, akaviweka sakafuni vitambaa vyote alivyovinyoosha. Akasogea, akasoma kadi iliyo chini ya mchoro, polepole.

"'Mama Yangu,'" alisoma. Machozi yakamlengalenga. "Umeniita mama? Mimi ambaye sikujaliwa hata mtoto mmoja?"

Kamera alifungua mdomo. 

Na hapo mlango mkubwa ukafunguliwa, mwalimu akaingia ameshika mkono wa baba. Mzee alikuwa na koti lake la sherehe, viatu vimeng'arishwa, na puani, Mungu wangu, miwani. Mipya, vioo vizito kama kitako cha chupa.

"Umeiona?" baba alisema, akiigusa kwa fahari. "Nimeitafuta kwa ajili yake. Sikutaka nimwone nusu."

Mwalimu alimsogeza mpaka mbele ya mchoro. Baba aliutazama kwa makini, kama zamani alivyotazama tumbo la saa. Kisha akageuka, akamwona dobi aliyesimama pembeni, na uso wake ukachangamka.

"Habari yako, dada. Kumbe ni wewe! Mwanangu amekuchora vizuri kweli. Mpaka baka la shingoni."

Dobi alicheka kwa haya, akafuta machozi. "Amenishangaza, kaka."

"Ana mkono mzuri, huyu," baba alisema. Akaanza kuangaza macho kwenye kuta nyingine, ukuta hadi ukuta, miwani ikimetameta, akipita nyuso za watu asiowajua. Alirudi pale alipoanzia, bado anatabasamu.

"Haya, mwanangu. Na mama yako umemweka wapi?"

Mwalimu alitazama kadi. Akamtazama dobi. Akamtazama Kamera.

Mkono wa Kamera ulipanda wenyewe, mweusi kwa mkaa, ukamfunika uso. Nyuma ya vidole alisikia viatu vya baba vikisogea, vikasimama karibu kabisa, na ile sauti ya kubembeleza ambayo miaka yote ilielekezwa kwa mama.

"Toa mkono, basi."