Kifundo cha Mguu cha Bwana Tolworthy

Edna Brindley alisuka magurudumu ya pikipiki za Tolworthy pale Birmingham kwa miaka ishirini na miwili, na meza yangu ilitazamana na yake. Akikukabidhi gurudumu, limenyooka. Huna haja ya kulipima. Basi Jumatatu moja ya mwaka 1969 mwanamke huyo akaingia kiwandani amepanda kipikipiki chekundu cha Kijapani.

Tulimcheka mpaka tukashika mbavu, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

"Edna, hiyo cherehani umeinunua wapi?"

"Cheka tu, Horace. Kiki ya kuwashia Tolworthy ya mume wangu ilirudi ikanivunja goti. Hii nabonyeza kitufe, inawaka."

"Na oili inavujia wapi?"

"Haivuji."

Kwetu sisi, Tolworthy isiyovuja oili ilikuwa na maana moja tu: oili imekwisha.

Habari zikamfikia mkurugenzi, Bwana Lionel Tolworthy, mjukuu wa mwanzilishi. Huyu alirithi kiwanda, masharubu na michoro ya injini, na katika hivyo vitatu alichokishughulikia ni masharubu. Kabla ya chakula cha mchana tangazo lilikuwa ukutani: pikipiki ya kigeni marufuku kuvuka geti. Edna akaenda kukiegesha chake ng'ambo ya barabara, mbele ya bucha, akarudi kwenye spoki zake.

Alhamisi wakaja mawakala kutoka Amerika, basi zima, kutazama Tolworthy mpya. Upya wake ulikuwa jina na rangi ya tangi. Msimamizi wetu alikuwa ameshaitandikia zulia jeusi, lisiloonyesha madoa. Bwana Tolworthy alihutubia nusu saa kuhusu mbio ambazo kampuni ilishinda mwaka 1938, kisha akasema ataiwasha mwenyewe.

Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Ya tano ikakohoa. Akavua koti.

"Injini yenye heshima zake," aliwaambia wageni, "haikurupuki."

Ya kumi na moja ikajibu. Kiki ilirudi kwa nguvu ikamtupa pembeni, na kifundo cha mguu kikaumuka kama kimetiwa hamira. Gari lake lilikuwepo uani, lakini basi la wageni lilikuwa limeziba geti, na dereva alikwenda kunywa bia, baa gani hakuna aliyejua. Chombo pekee kilichokuwa nje ni kile kilichokatazwa kuingia.

Edna akajifuta mikono. "Mleteni."

Tukambeba, tukampenyeza ubavuni mwa basi, tukampakia.

"Mama Brindley," alisema kwa sauti ya chini, "hakuna njia nyingine?"

"Ipo, bwana. Kutembea. Nishike kiuno, na usinilalie mgongoni."

Akabonyeza kitufe, ikawaka, wakaelekea hospitali. Mawakala walikuwa wametufuata mpaka barabarani. Mmoja wao, jitu la Ohio lenye kofia pana, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Ile nayo mnaiuza?"

Bwana Tolworthy alirudi na magongo, akaunda kamati. Kamati ikakaa miezi miwili, ikagundua kwamba tatizo si injini wala kiki. Tatizo ni viatu vya waendeshaji. Stata ya umeme, ile ya kubonyeza kitufe, ilisema ripoti, ingewadekeza wanaume. Tukaanza kutengeneza buti zenye nembo ya kampuni. Marufuku ya geti haikuondolewa. Edna, kwa shukrani, alipewa jozi moja ya buti hizo: za kiume, namba kumi, zilizompwaya.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1972. Siku ya mwisho Bwana Tolworthy alipanda juu ya kreti akawalaumu Wajapani, serikali, na chai yetu ya saa nne. Watu wakamzomea. Edna hakuzomea. Alikuwa analizungusha gurudumu lake la mwisho polepole, machozi yakimtoka, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hili halina kosa, Horace. Miaka ishirini na miwili, magurudumu yangu hayakuwahi kuwa na kosa."

"Najua."

"Na mambo mengine yote pia ulijua. Wote mlijua, mkacheka."

Yeye alipata kazi kwenye kiwanda cha baiskeli mwezi uleule. Mimi nilikaa bure miezi minane, na nilipopata kazi nikanunua kipikipiki cha Kijapani, cha bluu, nikawa nakiegesha nyuma ya nyumba ili majirani wasikione.