Kupiga na Kupigana

Shemeji alikuja na mama yake kwenye duka langu la dobi kumchukua mkewe, mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma ya shuka zilizoanikwa, taya limefungwa bandeji, jicho moja halifunguki.

"Tulipigana kidogo," alisema shemeji. "Mambo ya ndoa tu, shemeji yangu."

"Kila nyumba watu wanapigana," mama yake akadakia.

Nilimkagua yule bwana toka utosini hadi kwenye viatu. Hakuwa na hata mkwaruzo. Kupigana ni unipe nami nikupe. Huyu alitoa tu, hakupokea kitu. Pasi niliyoishika ilikuwa imeshapoa, bahati yake. Nilimshindilia nayo begani hadi mfupa ukalia, kisha mbavuni. Aliangukia beseni la maji ya sabuni, akajikinga uso kwa viganja, asirudishe hata pigo moja.

"Jamani, wanapigana!" mama yake alipiga yowe.

"Mama, ananipiga!" shemeji alilia kutoka chini. "Ananipiga!"

Niliishusha pasi.

"Kumbe neno lenyewe unalijua."