Kisu cha Kwanza cha Lwitiko

Lwitiko aliendesha malori kwa miaka thelathini na sita, Dar es Salaam mpaka Lubumbashi, na goti la kulia ndilo lililomrudisha nyumbani Nanyala. Daktari alimwambia mambo ya klachi sasa basi. Miezi ya kwanza alifurahia kulala kwenye kitanda chake. Kisha akaanza kukaa kibarazani tangu chai ya asubuhi, akitazama malori yanayopita barabara kuu na kuyataja kwa majina ya madereva wake. Mkewe, Enesi, alimtazama kutoka kwenye mibuni akaona mtu anayepungua bila kuugua.

Kwa hiyo simu ya Fanuel ilipoingia mwezi wa sita, Enesi alishukuru. Fanuel ni mdogo wake, anaishi Ndalambo walikozaliwa wote wawili. Alisema nguruwe pori wamemaliza mahindi ya watu bondeni, kijiji kimepata kibali cha kuwawinda, na askari wa wanyamapori atakuwepo na bunduki. Shemeji aje Agosti.

"Hatutakukimbiza na hilo goti," Fanuel alisema. "Utakaa na wachunaji. Njoo na kisu chako, kisu cha maana, siyo cha kumenyea viazi."

Lwitiko akaweka simu mezani akatangaza kwamba kisu hicho atakitengeneza mwenyewe.

"Umewahi kutengeneza kisu?" Enesi aliuliza.

"Nimewahi kufungua giaboksi porini kwa spana mbili."

"Giaboksi haichuni nguruwe, Baba Ikupa."

Lakini alimwona amesimama wima, na ilikuwa siku nyingi tangu amwone hivyo. Lwitiko alipojiandaa kwenda Tunduma kutafuta chuma, Enesi alisema naye ana safari ya kununua kitenge. Haikuwa kweli.

Nyuma ya maegesho ya malori kuna uwanja wa vyuma chakavu wa mama mmoja anayeitwa Stamili. Siku hiyo alikuwa akibishana na wateja wawili kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nusu Kibemba, nusu Kiswahili. Alipowamaliza aliwageukia Lwitiko na Enesi kwa salamu ya Kibemba.

"Mulishani, wazee wangu. Mnajenga au mnabomoa?"

"Natafuta chuma cha kisu cha kuwindia," Lwitiko alisema. "Ni kisu changu cha kwanza."

Stamili akamwonyesha uwanja mzima kwa mkono. "Chagua. Humu kuna visu elfu, ni wewe tu kuvitoa."

Lwitiko alichechemea katikati ya vyuma kama mtoto aliyeingia dukani. Kwanza alirudi na sinki la jikoni la stenlesi, limepasuka kona, bado linang'aa.

"Hili halishiki kutu," alisema. "Tazama linavyowaka."

Enesi alikuwa ameketi juu ya ringi ya lori, mkoba mapajani. "Lilikuwa likifanya kazi gani?"

"Kuoshea vyombo."

"Basi halijawahi kubeba uzito wala kukata kitu. Ukilitia makali leo, kesho yamelala."

Akarudi na tupa kubwa ya zamani. Hiyo Enesi aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye meno yake.

"Chuma hiki ni kizuri. Kina hasira tu. Kikikosewa moto kidogo, kinavunjika kama kioo. Fundi aliyekwisha kuharibu visu kumi anakiweza. Wewe hujaharibu hata kimoja."

Stamili akacheka. Lwitiko hakucheka, alikuwa anamtazama mkewe. Walikuwa na miaka thelathini na miwili ya ndoa, na hakuwahi kumsikia akisema neno lolote kuhusu chuma.

"Haya," alisema taratibu. "Wewe ungechukua nini?"

"Springi ya lori. Imebeba mzigo ikapinda, ikarudi, ikapinda tena. Haina hasira. Mtu anayeanza achague kitu kinachosamehe."

Springi zilikuwa rundo zima. Lwitiko alijisikia yuko kwao, akachagua haraka bapa fupi lililovunjika katikati, kwa kuwa lilikuwa karibu na urefu wa kisu na hapakuwa na haja ya kulikata. Enesi aliliinua kwa kamba, akaligonga kwa jiwe. Lililia kwa sauti fupi, kavu.

"Hili limechoka. Lilivunjika lenyewe barabarani, na nyufa nyingine zipo ndani hatuzioni." Akagonga bapa refu lililofunguliwa likiwa zima. Hilo lililia likaendelea kulia. "Hili."

"Hilo nitalikata siku mbili," Lwitiko alisema. "Mama Ikupa, mimi springi nazijua. Nimezikalia maisha yangu yote."

Enesi hakubishana. Alimwomba Stamili awafungie yote mawili.

Kwa mpini Lwitiko alitaka mpingo, kwa sababu ni mti wa heshima. Seremala wa Nanyala, mzee Gibson, ndiye aliyemkatalia. Alisema mpingo utamlia tupa zake na ngozi ya mikono yake, halafu utapasuka siku ya kutoboa tundu la mwisho. Lwitiko akataka mti wa mbuni mzee aliong'oa shambani wiki ile. Gibson akaunusa, akasema bado una maji, ukikauka utajikunja na kuachana na chuma. Akampa vipande viwili vya mninga vilivyobaki alipotengeneza kitanda cha mtu, vikavu, vyepesi kukwangua, na kipande cha ufito wa shaba wa kupigilia mpini. Lwitiko alirudi nyumbani amevishika kifuani.

Alijenga tanuri lake nyuma ya jiko kwa ringi ya gari na udongo, mkaa ndani na feni kuukuu ya kupuliza. Bapa lililovunjika alilipiga, akalikwangua kwa tupa siku nne mpaka likaanza kufanana na kisu. Alikuwa akija mezani mikono imejaa masizi, anakula ugali mara mbili. Enesi alimwachia.

Siku ya kuzamisha kisu ili kiwe kigumu, Lwitiko alikitia moto mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikasikika sauti ndogo tu, kama ukucha uliovunjika. Alipokitoa, ufa ulikuwa umetoka kwenye makali mpaka mgongoni.

Aliketi juu ya gogo. "Nimezeeka," alisema. "Hata kisu."

Enesi aliweka chini ungo wake. Akaenda nyuma ya mlango akachukua lile bapa refu, akalikata kwa msumeno wa chuma kwenye alama aliyoipima kwa kiganja. Alifanya kazi hiyo mpaka jua likapanda. Kisha akaingiza kile kipande motoni, akakishika kwa koleo kwa namna ambayo Lwitiko aliielewa mara moja, kama vile dereva anavyomjua dereva kwa jinsi anavyoshika usukani.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Baba."

Lwitiko alijua mkwewe, mzee Abrahamu, alikuwa mhunzi. Hakujua zaidi.

"Nilivuta mivukuto tangu nikiwa mdogo," Enesi alisema, macho motoni. "Halafu akaniachia nyundo. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nikatengeneza kisu, peke yangu, yeye akikaa tu. Alikifunga kiunoni akatembea nacho siku tatu. Kisha baba wakubwa wakaja. Wakasema mwanamke hagusi nyundo, chuma cha ukoo kitaukataa moto. Baba alikitupa kisu mto Momba mbele yao, na mimi sikuingia tena kwenye kibanda kile."

"Nani aliwaambia?"

"Mtoto. Alikuwa na miaka saba, hakujua anachosema."

Katika nyumba ile, mwenye miaka saba alikuwa mmoja tu, Fanuel. Lwitiko hakulitaja jina, na mkewe pia hakulitaja.

"Mimi ni mumeo miaka yote hii," alisema baadaye. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwahi kuwa nyumbani siku mbili mfululizo. Halafu nikazoea." Akamsogezea nyundo. "Haya, piga. Kisu ni chako. Mimi nitashika tu."

Walipiga pamoja juma zima. Enesi alimzuia kila alipotaka kupiga chuma kilichopoa. Karibu na mpini alimwelekeza ateremshe mgongo kidogo, pa kukaa kidole gumba wakati wa kuchuna. Safari hii kilizamishwa kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa moto, si maji, kisha kikarudishwa kwenye joto dogo mpaka kikashika rangi ya nyasi kavu. Hakikupasuka. Lwitiko alinyoa nacho nywele za mkono wake sehemu tatu, akazunguka na mkono huo kijiji kizima.

Agosti akaenda Ndalambo. Siku ya pili walipata nguruwe wanne, na wachunaji wakakaa kwenye majani. Fanuel aliomba kisu cha shemeji amalizie mguu. Kidole chake gumba kikatua pale mgongoni. Akasimamisha kazi.

"Shemeji, hii alama ya kidole ni ya baba. Nani amekuonyesha?"

Wanaume wanane walikuwa wanasikiliza. Lwitiko angeweza kusema amebahatisha.

"Dada yako," alisema. "Amenifundisha kila kitu, hata chuma ni yeye aliyekichagua. Kile nilichochagua mimi kilipasuka."

Mzee mmoja akaguna. Fanuel alimaliza ule mguu, akaufunga kwenye mfuko, na kesho yake akapanda gari na Lwitiko kuja Nanyala.

Enesi alikuwa jikoni akichambua maharage. Alimwona mdogo wake mlangoni, mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, ameshika mguu wa nguruwe kama mgeni asiyejua pa kuweka zawadi.

"Karibu, Fanuel. Mbona hukupiga simu?"

"Dada, ni mimi niliyewaambia baba wakubwa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Ulikuja ukalia mapajani mwangu kabla mimi mwenyewe sijaanza kulia. Ningeachaje kujua?"

Fanuel akaweka nyama chini. "Lakini hujui nilivyosema. Walikuwa wanawasifu watoto wao, huyu anasoma, huyu ana nguvu. Mimi nikasema dada yangu anatengeneza kisu kuliko baba. Nilikuwa najivunia wewe. Nilidhani watafurahi."

Mikono ya Enesi ilisimama juu ya maharage. Kwa miaka yote alikuwa amemsamehe mtoto aliyeropoka. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu, siku ile, aliyesimama mbele ya wazee kumsifu.

"Ulisema kuliko baba?"

"Kuliko baba. Baba mwenyewe alikuwepo. Alitabasamu kwanza, kabla hawajaanza kupiga kelele."

Enesi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Lwitiko, aliyekuwa ameanza kukata nyama, aliacha, akavuta kigoda akakisogeza karibu na mkewe ili shemeji akae.

"Kaa hapa," Enesi alimwambia Fanuel. "Nisimulie tena, taratibu. Nani alianza kuongea, na baba alikuwa amekaa wapi?"