Sauti ya Fundi wa Nguzo

Kinanda aliifunga programu ya midundo, akangoja feni ya kompyuta itulie, ndipo akafungua ile ya kusafishia sauti. Kuzifungua zote kwa pamoja hakuthubutu. Mashine yenyewe aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu, na ukiitwisha mizigo miwili ilizima bila kuaga.

Kwa hiyo kila kazi ilimhamisha kama mpangaji asiye na bahati. Sauti za waimbaji alizirekodi na kuzisafisha kwenye programu ya bure. Midundo aliitengenezea kwenye programu iliyochakachuliwa, aliyopewa na rafiki kwenye flashi. Kuchanganya alichanganyia kwenye ya tatu, ya majaribio, ambayo kila akiifungua ilimkumbusha kuwa muda wa kujaribu ulishapita, ikamkalisha kidogo kwa adhabu, kisha ikamwachia kama bawabu aliyechoka kubishana. Studio ndiyo hicho chumba cha kulala. Godoro lilisimamishwa dirishani kuzuia kelele za barabarani, na maiki ilikuwa ndani ya kabati, katikati ya magauni ya mkewe. Waimbaji waliingiza kichwa humo wakaimba.

Siku hiyo hakuwa na wimbo. Alikuwa na sauti ya marehemu.

Fundi wa nguzo, jirani yao wa nyumba ya tatu, alikufa juu ya nguzo ya umeme kabla ya mvua kuanza. Shirika la umeme lilisema alipanda akiwa amelewa. Lakini asubuhi ya siku ile alimtumia mkewe ujumbe wa sauti kwenye simu, na upepo ulivuma humo kiasi kwamba maneno yalisikika nusu nusu. Mjane alimletea Kinanda amsafishie. Kamati ya fidia ilikuwa ikae kesho yake.

Kinanda alikuwa amebakiza kipande kidogo cha mwisho mkewe alipoingia. Alikuwa msusi, na kitana kilikuwa bado mkononi. Alifunga mlango kwa komeo, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya mchana.

"Zima hiyo."

"Namalizia."

"Zima, mume wangu. Afisa wa mtaa yupo pale kwenye kona na gari la shirika la umeme. Kafuatana na bwana mmoja wa suti. Wanauliza kwa Kinanda ni wapi."

Kinanda alivua hedfoni taratibu.

"Wanataka nini?"

"Nikawaulize? Mteja wangu kawaambia hajui. Lakini yule mwenye duka atawaonyesha tu. Yule hata mwizi akipotea njia humsindikiza."

Hakuna aliyecheka. Wote wawili walikuwa wakimfikiria kinyozi wa barabara ya pili. Afisa wa mtaa alimwendea na polisi, wakasema wanakagua leseni, wakabeba kompyuta aliyokuwa akipigia muziki dukani. Alipoifuata aliambiwa alete risiti ya kila programu iliyomo. Alipouliza risiti hizo zinatolewa wapi, alilala rumande kwa ujeuri. Sasa alikuwa akinyoa kimyakimya, na ukimuuliza habari anakujibu kuhusu hali ya hewa.

"Anza na ile ya flashi," mkewe alisema.

Kinanda aliifuta. Midundo ya miaka yote iliyotengenezwa humo isingefunguka tena, lakini hakuwa na nafasi ya kuomboleza midundo. Akafuta ya majaribio pia.

"Na ile sauti," mkewe alisema kwa kunong'ona.

"Ile ni ya shemeji."

"Najua ni ya nani. Si anayo kwenye simu yake? Sisi tunaing'ang'ania ya nini? Mtu wa shirika mwenyewe yuko mlangoni, mume wangu. Akiikuta humu utamwambia nini? Kwamba ulikuwa unamsaidia mjane kuwashtaki, kwa programu za wizi?"

Kinanda aliitazama ile folda. Alijua kuifuta tu haitoshi, maana hata mtoto wa shule angeweza kuirudisha. Alikuwa na kiprogramu kingine, cha kufagia kabisa, kisichoacha hata unyayo. Huko nje breki za gari zililia. Akabonyeza. Mstari ulitambaa kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu mno, naye akajikuta anausukuma kwa macho ufike. Ulifika mwisho huku mlango ukigongwa.

Afisa wa mtaa aliingia kwanza, tumbo mbele. Bwana wa suti aliinama ili asijigonge, akatabasamu.

"Hodi tena," alisema. "Samahani kwa kuwaingilia chumbani. Kumbe ndiyo studio yenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mimi si mheshimiwa, ni msemaji tu wa shirika." Alilitazama godoro, akachungulia kabatini, akaiona maiki kati ya magauni. "Na unatumia programu gani?"

"Ya bure," Kinanda alisema. "Ile ya bure tu."

"Safi. Mtu mwaminifu." Bwana wa suti alitoa karatasi mfukoni. "Shirika lina sherehe mwezi huu, na kwaya ya wafanyakazi wetu ina wimbo. Studio kubwa zina foleni. Afisa hapa akatuambia kuna kijana wake anarekodi vizuri nyumbani. Jumamosi wanaweza kuja?"

Kinanda aliipokea karatasi. Kiitikio kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: *Usalama kwanza, mwanga kwa wote.*

"Mbona kimya?" afisa wa mtaa aliuliza. "Kama ni leseni, hilo ni letu mimi na wewe. Ukiwa mtu wetu, nani atakugusa?"

"Wataweza," Kinanda alisema. "Jumamosi."

Walipoondoka, mkewe aliketi kitandani akaanza kucheka, mkono mdomoni, mpaka machozi yakamtoka. "Kwaya," alisema. "Kumbe kwaya." Kisha macho yake yakaangukia kompyuta, kicheko kikamkatikia njiani.

"Anayo kwenye simu," Kinanda alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mjane alikuja alasiri. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakaa kwenye ncha ya kiti, mikono mapajani.

"Nimekuja kuichukua, shemeji. Kesho ndiyo tunakaa."

"Ile ya kwenye simu," Kinanda alianza, "yenye upepo. Hiyo unayo, sivyo?"

"Simu?" Mjane aliitoa kwenye mkoba, akaiweka mezani. "Juzi walikuja watu wa shirika. Waungwana sana, walinipa pole. Wakasema ushahidi wote lazima ukaguliwe kabla ya kikao. Niliogopa kukataa, nikawapa. Wamenirudishia jana, imesafishwa kama sahani. Hata picha za mtoto hamna." Alisema bila uchungu mwingi. "Nikajisemea, wamejisumbua. Ipo kwa shemeji."

Msusi alisimama, akakaa tena. Kinanda alitaka kusema mashine imeharibika. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, na hakuna ambaye angemshangaa, kwa mashine ile. Lakini mjane alikuwa anamtazama usoni, na uso wa Kinanda ulikuwa umeshasema yote.

"Nimeifuta," alisema. "Leo asubuhi. Gari la shirika lilikuja, nikadhani wamekuja kwa ajili yake. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya kwaya."

"Ni mimi niliyemwambia, dada," mkewe alisema. "Usimlaumu peke yake."

Nje mtu alikuwa anamwita mtoto wake aje kuoga.

"Haiwezi kurudi?"

"Haiwezi. Nilihakikisha."

Aliichukua simu mezani, akaigeuza, akaifuta vumbi lisilokuwepo kwa kidole gumba. Kinanda alikuwa akingoja matusi, tena alikuwa akiyatamani. Hayakuja.

"Mliogopa," mjane alisema hatimaye.

"Tuliogopa."

"Na mimi niliogopa, ndiyo maana niliwapa simu. Hata yeye aliogopa, ndiyo maana alipanda." Aliirudisha simu mkobani. "Uliisikiliza mara nyingi?"

"Nyingi mno. Kipande kwa kipande."

"Basi iseme."

Kinanda alimwangalia mkewe, kisha sakafu. Alianza kwa sauti ndogo, na bila kukusudia akawa anapumua pale marehemu alipopumua.

"Mke wangu, leo tena hakuna glavu. Nimemuuliza kiongozi, kasema tupande hivyo hivyo, umeme umezimwa. Tuko hapa karibu na kiwanda cha sabuni. Mtoto ale, asinisubiri."

Mjane alikuwa amefumba macho.

"Hujakohoa," alisema. "Alikohoa kabla ya kumtaja kiongozi."

"Nilikitoa kikohozi. Nilidhani ni kelele."

"Kesho mbele ya kamati kiweke."

Msusi alianza kutikisa kichwa, taratibu, akimtazama mumewe kama anayemwona mtu ameshika waya.

"Wataniuliza niliisikia wapi," Kinanda alisema.

"Watakuuliza."

"Na niliitengeneza kwa kutumia nini, na mbona haipo. Yule bwana wa suti atakuwa amekaa pale pale."

"Atakuwepo. Kila kikao yupo."

"Mume wangu," msusi alisema. "Kumbuka kinyozi."

Alimkumbuka. Alikuwa hajaacha kumkumbuka tangu asubuhi. Alijua maneno ya mdomoni si ushahidi wa maana, kwamba watamsikiliza huku wanaangalia saa, na kwamba Jumatatu kompyuta hii huenda ikawa nyuma ya gari la afisa wa mtaa. Alitaka mjane aseme basi, haidhuru, aondoke zake. Mjane hakusema. Alikuwa ameinama mlangoni, anavaa viatu.

"Wanaanza saa ngapi?" Kinanda aliuliza.

"Saa tatu," mjane alisema. "Lakini tuwahi. Wana tabia ya kufunga mlango."